Mlango wa pili kushoto: kisa cha otesi wa Lubumbashi na safari ya Guangzhou

Tuanze na mlango wenyewe juu bila mlango hakuna kisa. Ndeke kubwa ya safari ndefu imetua alfajiri, imefika kwenye gati, abiria washasimama na mizigo kichwani kama kawaida yetu, shefu wa kabini anatoa amri kwa mikro: zimeni toboga (ile ya kuteleza inayojaa hewa wakati wa dharura), angalieni na mlango wa mwenzenu. Kila mtu wa kabini anashusha kile kishikio cha mlango wake, anageuka kuangalia mlango wa upande wa pili, halafu anatoa jibu. Huyu dada, otesi (mhudumu wa kabini), alikuwa mlango wa pili kushoto. Akajibu vizuri kabisa, sauti safi, mlango wangu umezimwa. Lakini mkono wake haukugusa kitu. Mwenzake wa mlango wa kulia njo aligeuka, akaona kishikio bado kiko vilevile, akamrukia akamshika mkono.

Basi. Toboga haikulipuka, hakuna aliyeumia, abiria walishuka wakaenda kutafuta mabegi yao. Kwa mtu asiyejua kazi hii ni kitu cha kucheka. Lakini mlango ukifunguliwa kutoka ndani wakati toboga bado imefungwa tayari kwa dharura, ile kitu inajaa hewa kwa sekunde chache na inatoka kwa nguvu, na kama kuna mfanyakazi wa uwanja amesimama pale nje inaweza kumvunja au kumwua. Na ndeke inabaki chini, ama inaondoka na abiria wachache, juu mlango mmoja hauna tena njia ya kutokea. Ndeke nyingi za sasa zinajizima zenyewe ukifungua kutoka nje, ndiyo, lakini si kila siku mtu wa nje njo anafungua wa kwanza.

Mimi nilifanya kazi ya kabini miaka mingi kabla ya kurudi hapa Lubumbashi, na vijana walioko kwenye makampuni ya nje wananitumia planingi zao (ratiba za kazi), wengine kulalamika tu, wengine wanataka kweli kuelewa. Huyu alinitumia ujumbe wa sauti: “Yaya, nilisema ndiyo na mukono haikufanya kitu. Na sikusikia kama niko na usingizi.” Hiyo sentensi ya mwisho njo ilinifanya nimwambie tukae chini tuandike kila saa, kuanzia wiki ile ilivyoanza. Amekubali niandike kisa chake, kampuni siitaji, kituo chake pia siitaji, jueni tu kwamba kiko saa moja mbele ya Lubumbashi. Masaa nitayaandika kama yanavyoandikwa kwenye planingi, sifuri mpaka 24, tusichanganyane.

Jumamosi 06h alitua kituoni kutoka safari ya usiku. Kuanzia hapo alikuwa off mpaka Jumanne usiku. Kwenye karatasi ni mapumziko mazuri sana, siku tatu na zaidi, kanuni nyingi za dunia haziombi hata nusu yake. Lakini Ijumaa alikuwa ameshapigiwa simu kwamba baba mudogo wake amekufa hapa Lubumbashi, na huyu baba mudogo njo alimlea na kumlipia masomo. Aliomba konje (likizo) ya msiba, fomu ya kampuni inajua mzazi, mume, mtoto. Baba mudogo hayumo. Kwa hiyo Jumamosi ileile, bila kulala, akapanda ndeke ya kuja Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, kwa tiketi ya wafanyakazi, ile ya kungoja mpaka kiti kibaki.

Mnajua kilio chetu kilivyo. Wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani chini kwenye mikeka, korali inaimba mpaka asubuhi, kila nusu saa anaingia mgeni mpya analia na mnalia naye. Na yeye mtoto anayetoka Ulaya (kwa familia kila anayepanda ndeke anatoka Ulaya, hata akiishi wapi) hawezi kwenda kulala hoteli, watasema amejivuna. Usiku wa kwanza alilala kama masaa matatu, wa pili kama manne, Jumatatu wakazika, na usiku wa Jumatatu akalala kwa mama mukubwa masaa sita, usingizi wake mzuri wa wiki nzima. Jumanne aliamka 05h, akakimbia uwanja, akangoja kiti, akafika kituoni kwake 19h. Akaoga, akapiga pasi yunifomu, 23h30 akajiandikisha kazini, 01h ndeke ikapaa kwenda Guangzhou. Karibu masaa kumi hewani.

Hapo kwanza nisimame. Ukiuliza watu wengi kosa liko wapi watakuonyesha alfajiri ile ya mlango, siku mbili baadaye. Mimi naona lilikuwa limeshajengwa Jumanne saa ile anapiga pasi. Alikuwa macho tangu 06h saa za kituo, ndeke ilitua Guangzhou 11h ya kesho yake saa zilezile za kituo, yani masaa 29, ndani yake akapata labda saa moja na nusu kwenye kitanda cha wafanyakazi juu ya kabini, na hata hiyo aliiharibu mwenyewe maana alikunywa kahawa mbili kabla ya kazi ili asilale. Kahawa nusu yake bado iko kwenye damu masaa kama matano baadaye, kwa hiyo umepewa kitanda na mwili umeufungia mlango. Dawson na Reid walionyesha kwenye jarida la Nature mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya 0.05 kwa mia kwenye damu, na akifika masaa 24 ni kama 0.10. Nchi nyingi ukiwa na hiyo ya kwanza tu polisi wanakunyang'anya usukani. Yeye alikuwa anagawa chakula na kubeba maji ya moto, na kama kungetokea jambo alikuwa atoe watu nje.

Hili la kutoa watu nje nalisema kwa nguvu juu hapa kwetu bado wengi wanafikiri otesi ni mtu wa kuleta jusi na kutabasamu. Ndeke kubwa haipewi ruhusa ya kubeba abiria bila kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 na nusu ya milango imefungwa. Tarehe 2 Januari 2024 pale Haneda, Tokyo, ndeke ya Japan Airlines iligongana na ndeke ndogo kwenye njia ya kutulia ikawaka moto, watu 379 wote waliokuwa ndani wakatoka hai. Waliowatoa ni watu wa kabini, waliochagua mlango upi ufunguliwe na upi uachwe maana nje yake kuna moto. Hiyo akili ya kuangalia dirishani kabla ya kugusa mlango njo kitu cha kwanza usingizi unachokula.

Turudi Guangzhou. Alifika hoteli 18h ya kule, Jumatano. Guangzhou iko masaa matano mbele ya kituo chake, sita mbele ya Lubumbashi. Kuondoka ni Alhamisi usiku, kujiandikisha 23h, kupaa 00h30. Masaa 29 ya eskali, yani kukaa kule kabla ya kurudi. Kisheria hakuna wa kubisha, Ulaya wanaomba angalau masaa 10 nje ya kituo na ndani yake nafasi ya kulala masaa 8, Marekani otesi walipigania mpaka Oktoba 2022 njo wakapewa masaa 10 badala ya 9, na bunge lao, Congress, lilikuwa limeshaandika hivyo tangu 2018. Sasa yeye anapewa 29, utalalamika nini?

Alilala 18h30 akaamka 22h. Mwili wake ulikuwa unasema ni 17h, jioni ya kituoni, muda wa watu kutoka kazini. Akabaki anaangalia dari mpaka 04h, ambapo kwa saa za kituo ni 23h, akapata usingizi wa kweli, ule wa usiku. Na 08h simu ikaanza. Familia. Kila Mlushois mwenye ndugu anayeruka Guangzhou anajua biashara hii, mama mukubwa anataka nywele, binamu anataka simu tatu za kuuza hapa Kenya (komyini yetu, si nchi), jirani ametuma pesa kwa ajili ya viatu vya watoto. Kwa saa za kwetu ilikuwa 02h usiku, kilio bado kinaendelea, watu wako macho, hawakufikiri kama yule wa kule analala. Wao walihesabu: China ni asubuhi, ameamka.

Akaenda Xiaobei, ule mtaa wa Waafrika ambao wafanyabiashara wetu wote wanaujua, akazunguka mpaka 15h, akarudi na vifurushi, 17h akajilaza. Mwili unasema ni saa sita ya mchana, 12h. Nani analala saa hiyo? Alipata kama saa moja. 21h hoteli wakampigia amke.

Sasa hesabuni kutoka simu ile ya asubuhi. Kutoka 08h ya Guangzhou mpaka ndeke inagusa chini kituoni ni masaa 26 na kitu, na ndani yake usingizi haukufika masaa matatu: saa moja ya hoteli na saa moja na nusu ya kitanda cha ndani ya ndeke. Ukichukua tangu alipofika hoteli Jumatano unapata kama masaa 40, na usingizi wote kama 10 umekatwa vipande vinne, kipande kirefu kabisa masaa manne. Ndeke ilitua 05h30 saa za kituo. Kanuni za Ulaya zina dirisha lao wanaloliogopa, kuanzia 02h mpaka 05h59, saa ambazo joto la mwili liko chini kabisa na akili nayo iko chini, na wanasema mtu ambaye hajafikisha masaa 48 kwenye saa mpya ahesabiwe bado yuko kwenye saa za alikotoka. Alikuwa ndani ya dirisha hilo, amebeba deni la usingizi tangu kilio.

Ndiyo maana hakusikia usingizi. Watu wanafikiri uchovu unakuja na miayo na macho mazito, kwa hiyo kama huoni miayo uko sawa. Unapofika mbali hivyo mtu anakuwa mwepesi, anacheka, anasema niko sawa, na kazi za mazoea zinajiendesha zenyewe mdomoni. Mlango ule amri yake ameisikia mara ngapi kwenye maisha yake? Jibu linatoka kabla mkono haujatumwa.

Kuna kitu kimoja ambacho kampuni haikukiona kabisa kwenye rapoti, na mimi nilikiona kwa sababu tu nililala kwenye vile vitanda. Safari ya kurudi mapumziko ya ndani yaligawanywa zamu mbili, ya kwanza kuanzia kama 22h saa za kituo, ya pili kuanzia kama 00h30. Wakubwa wa kazi njo wanachagua kwanza, nao walichukua ya pili, kwa hiyo yeye mdogo akapewa ya kwanza. Sasa 22h ya kituo ni 21h ya Lubumbashi, mwili uliorudishwa nyuma na kilio na usiku wa Guangzhou bado haujafungua mlango wa usingizi, kuna masaa mawili matatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala ambapo mwili unakataa hata ukichoka namna gani. Akalala saa moja na nusu kati ya mbili na nusu alizopewa. Zamu ya pili ingempa usingizi mzito. Wale wakubwa wengi wao walikuwa wamelala hoteli siku nzima. Ningekuwa shefu wa kabini siku ile ningeuliza swali moja tu kwenye briifingi, nani amelala kidogo zaidi, na huyo ndiye angechagua wa kwanza. Haina bei, haiombi ruhusa ya mtu.

Aliandika rapoti ya uchovu. Hongera kwake, wengi hawaandiki, wanaogopa jina lao. Jibu lilikuja baada ya muda, nalifupisha: planingi ilikuwa halali, programu ya kuhesabu uchovu imetoa kiwango kinachokubalika, tafadhali tueleze siku zako za off ulizitumia vipi. Alilia aliponisomea hiyo. Mimi nilikasirika, halafu nikatulia, maana ile programu haidanganyi, inahesabu kile ilichopewa. Inachukua planingi inasema hapa kulikuwa na nafasi ya kulala, basi alilala. Haijui kilio, haijui simu ya 08h, haijui kahawa. Inahesabu mapumziko, na mapumziko si usingizi. Kampuni ikisimama kwenye namba hiyo peke yake inajidanganya kwa tarakimu safi. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, tangu 2011 linaruhusu kampuni kuendesha mfumo kamili wa kusimamia uchovu, na mfumo huo unasimama juu ya rapoti za watu wenyewe. Ukimjibu mtu aliyejitokeza kwa kumwuliza ulikuwa wapi, wa pili haji.

Lakini swali lao lilikuwa la haki pia, nilimwambia hivyo hakupenda. Kanuni zilezile za Ulaya zinamwambia mfanyakazi autumie vizuri muda wa kupumzika, na asiingie kazini kama anajua hafai. Jumanne 20h alikuwa anajua. Angepiga simu akasema siko sawa kufanya kazi. Hakupiga kwa sababu mbili, aliogopa kuonekana ametoroka kazi kwa msiba usio kwenye fomu, na alishaahidi nywele za mama mukubwa. Ukiniuliza nani mwenye kubeba kubwa zaidi, nasema kampuni kwa ile fomu na kwa wale wakubwa wa zamu ya pili, familia kwa simu, na yeye kwa Jumanne. Kama utanilazimisha kuchagua mmoja naichukua ile fomu, juu mtu angepewa siku mbili tu za msiba angelala kituoni Jumanne usiku na hatungekuwa tunaandika haya.

Familia nilijaribu. Nilienda mimi mwenyewe kwa mama mukubwa, heshima zote, nikaeleza kwamba mtoto akiwa Guangzhou kuanzia 03h mpaka 10h ya kule simu itazimwa. Akanitazama akasema: “Ile ni kazi gani, banamulipa juu ya kulala?” Nikamwambia ndiyo mama, wanamlipa pia kulala. Akacheka sana. Sijui kama alielewa ila komisio (vitu vya kumtuma) imepungua, sasa wanatuma orodha kwa mfanyabiashara mmoja wa Xiaobei anayepakia na mizigo yake, wanalipa kidogo zaidi.

Eskali yenyewe tuliipanga upya, masaa yaleyale 29 bila kuomba kampuni chochote. Anakaa kwenye saa za kituo, hajaribu kuwa Mchina kwa siku moja. Akifika hoteli 18h anajilaza masaa mawili tu, anaweka alamu, maana kwa mwili ni 13h ya mchana, ule muda wa kusinzia baada ya bukari. Anaamka, anakula, anatembea, taa zote ziwake. Halafu 03h ya kule, 22h ya kituo, anafunga pazia na simu mpaka 10h. Hapo amepata usiku mzima kwa saa zake. Mchana afanye yake bila kukimbia, kahawa ya mwisho kabla ya 14h, na 19h ajilaze tena mpaka 20h30, si 17h kama alivyofanya, maana 19h ya kule inaangukia tena kwenye usingizi wa mchana wa kituo. Ndani ya ndeke ukipewa zamu ya kwanza hutalala vizuri, kubali, funika macho hivyohivyo, na kahawa uinywe ukiamka. Yule mwenzake wa mlango wa kulia alimfundisha kitu kingine, kinafanana na kile wanachofanya watu wa treni Japani, wananyoosha kidole na kutamka: shika kishikio kwanza, kiangalie, ndipo ufungue mdomo. Mkono mbele, sauti nyuma.

Kwa kilio kingine, maana kitakuja, tumekubaliana atafute mwenzake wa kubadilishana ndeke kabla ya kuja, si baada ya kufika. Ikishindikana alale kwa mama mukubwa usiku wa mwisho hata wakisema amejivuna.

Na rapoti. Ile ya kwanza aliandika kurasa mbili za jinsi alivyochoka, msiba, machozi, heshima kwa viongozi. Mtu wa ofisini anasoma mistari mitatu anafungua planingi. Nimemwandalia namna nyingine na wenzake wawili tayari wanaitumia: lini uliamka, lini ulilala na masaa mangapi kwa kila kipande kwa siku tatu zilizopita, zote kwa saa za kituo, zamu gani ya kitanda ulipewa na ulilala kiasi gani, ilikuwa saa ngapi ya mwili wako jambo lilipotokea, ulikuwa macho tangu lini. Halafu kipimo cha usingizi cha Karolinska, moja mpaka tisa, tisa ni mtu anayepigana asilale, uandike ulikuwa ngapi wakati wa kupaa na ngapi wakati wa kutua. Yeye kwa ile alfajiri alijipa tano. Tulipomaliza kuandika masaa yote kwenye karatasi akaifuta akaweka nane.